Kopi Shilingi Mia

Weka begi chini, Somoe, mashine bado inapasha moto.
Jumatatu ya Novemba, Moshi imelowa tangu alfajiri,
foleni imefika hadi kwa fundi viatu
na kila mmoja kashika bahasha ya kaki kama kashika yai.
Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita,
barua ya mtendaji wa kata, muhuri umepinda.
Kopi nne nne. Najua.
Huu mwaka wa kumi na tisa, najua.

Sogea nikwambie, karatasi zinatoka polepole.

Cheti halisi usimwachie mtu, hata mwenye tai.
Mpe kopi. Nyaraka zako zilale chini ya godoro,
na wewe ulale juu yake.

Umesema Nachingwea? Safari ya siku mbili hiyo.
Basi nenda Memorial mapema, kabla ya walanguzi,
ukachague sweta nzito. Sasa utanicheka,
ila Juni ya huku baridi huingia mpaka kwenye meno.
Nunua na ndoo yenye mfuniko. Maji ya bweni yana tabia zake.

Bumu likiingia utapata marafiki usiowajua majina.
Watakuita bosi. Wewe hesabu.
Kuna kijana alinunua spika ya kutikisa madirisha,
Januari akaja kuniuzia: kwa nusu bei,
kisha kwa robo,
kisha kwa wali maharage siku tatu.
Ile pale, imeegemea mlango usijifunge na upepo.
Baba yako huko anaokota korosho mojamoja, mgongo umepinda.
Sisemi zaidi.

Mlima utauona asubuhi tu.
Wenzako wataupiga picha wiki ya kwanza, kisha wausahau.
Wewe uchungulie kila siku, wala si kwa uzuri wake:
ukiukuta uko wazi, bado hujachelewa kipindi.
Ukiukuta umejifunika, kimbia.

Na madesa.
Hilo la riba, lenye jalada la bluu, watakwambia ndilo dawa.
Nimelitoa kopi hadi vidole vinalijua.
Ukurasa wa saba lina kosa, mstari wa tatu kutoka chini,
na kila mwaka darasa zima linakosea palepale,
kwa herufi zilezile, kama kwaya.
Niliwahi kulisahihisha. Wakanirudishia:
"Mama Aikande, umeliharibu, tunataka lile la asili."

La asili!
Mwandiko ule ni wangu, Somoe.
Niliuandika usiku, kwa mshumaa, mwaka wa pili,
bweni la nyuma, kitanda cha dirishani.

Kosa lile halikunifukuza chuo, usidhani.
Nilipata sapu mbili, nikanyamaza.
Mficha maradhi kifo humuumbua;
mficha sapu huumbuliwa na ubao wa matangazo,
jina lake limeandikwa kwa mashine, limenyooka vizuri.
Mlango wa mshauri wa wanafunzi
ulikuwa hatua arobaini kutoka kitandani pangu.
Nilizihesabu baadaye sana,
siku niliyompelekea kopi zake.
Akaniuliza, "Binti, ulisoma wapi?"
Nikamwambia bei.

Kwa hiyo ukikwama, gonga.
Gonga hata kama macho yamevimba,
hata kama hujui utaanza na neno gani.
Anza na "shikamoo", mengine yatafuata.
Na asiyefungua, usimpe heshima ya kukukatisha tamaa;
mlango wa pili uko karibu na choo cha walimu,
ni wa mama mmoja mkali mwenye chai.

Haya, tatu hizi. Bado moja...

Aa! Umeme.

Hapana, usivute. Iko nusu tumboni mwa mashine,
ukivuta itachanika, na cheti chako bado kiko kwenye kioo.
Kaa hapo kwenye ndoo.
Wewe wa nyuma, acha kusukuma, sote tunasubiri.
Mvua hii nayo itachoka.
Umekula?